Tuwahesabie kura zao: mbunge wa Seattle na mashimo ya Kivu

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili



Katika mikutano ya mitaa swali moja linarudi kila mara: mbunge akikaa miaka na miaka kwenye kiti, tutajuaje kama amefanya kazi? Wengine wanahesabu mabati aliyogawa, wengine wanahesabu mara alizokuja kwenye matanga. Sisi wa komite tunaona iko njia nyingine, ya kuhesabu kura zake ndani ya Bunge. Lakini tukichukua mfano wa depite wa hapa, nusu ya mkutano itasema ametulipa, na nusu itasema tunamchukia. Kwa hiyo tumechukua mtu wa mbali, ambaye hakuomba kura hata moja hapa Fizi, na bado kura yake iliteremka mpaka kwenye mashimo ya Kivu.

Jina lake Jim McDermott. Ni Mmarekani, daktari wa magonjwa ya akili, aliyezaliwa Chicago mwaka 1936. Siasa aliianzia katika jimbo la Washington, kule magharibi kabisa ya Marekani. Mwaka 1970 alichaguliwa katika Bunge la jimbo, na kuanzia 1975 mpaka 1987 alikuwa seneta wa jimbo. Mara tatu alitafuta ugavana, 1972, 1980 na 1984, na mara tatu alikosa. Ile ya 1980 alimwangusha gavana aliyekuwa madarakani, wa chama chake mwenyewe cha Demokrati, katika kura ya ndani ya chama, halafu akashindwa na mtu wa chama kingine kwenye kura ya mwisho.

Mwaka 1987 akaacha siasa akaja kwetu. Ndiyo, kwetu: Zaire. Alikuwa daktari wa wafanyakazi wa serikali ya Marekani, akikaa Kinshasa. Mwaka uliofuata kiti cha mji wa Seattle katika Bunge la Marekani kikabaki wazi. Akarudi kwao, akagombea, akashinda. Aliingia Januari 1989 akatoka Januari 2017. Kule manda ni miaka miwili tu, kwa hiyo alichaguliwa mara 14 mfululizo. Hakuondolewa na kura. Mwaka 2016 alitangaza mwenyewe kwamba hagombei tena.

Tusimfanye malaika. Alipewa mkanda wenye mazungumzo ya simu ya viongozi wa chama pinzani, yaliyonaswa kwa siri, naye akaufikisha kwa magazeti mwaka 1997. Mmoja wa viongozi hao akamshitaki. Kesi ilienda miaka kumi, McDermott akashindwa, na mwishowe alilipa zaidi ya dola milioni moja pamoja na gharama za mawakili wa mwenzake.

Sasa tuangalie kura. Katika Bunge lile, tangu 1973 wabunge wanapiga kura kwa mashine, na orodha ya majina inatoka wazi: nani amesema ndiyo, nani amesema hapana, nani hakuwepo. Ndiyo maana sisi tulio huku tunaweza kujua alichofanya. Januari 1991 Bunge lilipoamua juu ya vita vya Ghuba, alisema hapana. Vita vikapitishwa kwa kura 250 dhidi ya 183. Oktoba 2002, juu ya vita vya Irak, alisema hapana tena. Vikapitishwa kwa 296 dhidi ya 133. Juu ya afya, alikuwa amepigania bima ya watu wa kipato kidogo tangu akiwa seneta wa jimbo, na Machi 2010 alisema ndiyo kwa sheria kubwa ya bima ya afya, iliyopita kwa tofauti ndogo, 219 kwa 212. Juu ya Afrika, alikuwa mmoja wa waliosukuma sheria ya biashara inayoitwa AGOA, ya mwaka 2000, iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru.

Mtu anaweza kusema: alikuwa na ujasiri. Sawa, lakini tuseme na hili. Seattle ni ngome ya chama chake. Mbunge mwenye kiti kisichotikisika anaweza kusema hapana kwa vita bila kuogopa kukosa mkate. Uhuru huo ni mzuri. Lakini njo uhuru huo huo unaomfanya asiulizwe sana juu ya mambo ambayo watu wake wa nyumbani hawayaoni.

Na hapa tunafika kwetu.

Novemba 2009 McDermott alileta muswada juu ya madini ya vita ya Congo. Katika Seneti wenzake Brownback, Feingold na Durbin walikuwa na muswada wao juu ya jambo hilo hilo. Mwishowe maneno hayo yakaingizwa kama kifungu cha 1502 ndani ya sheria nene ya mabenki inayoitwa Dodd-Frank. McDermott alisema ndiyo. Bunge lilipitisha tarehe 30 Juni 2010 kwa kura 237 dhidi ya 192, Seneti ikapitisha kwa 60 dhidi ya 39, na Rais Obama akatia sahihi tarehe 21 Julai 2010. Ndiyo ile watu wa huku waliyoiita sheria ya Obama.

Angalieni jambo moja la kushangaza. Brownback na Feingold, waliopigania kifungu chetu katika Seneti, wote wawili walisema hapana kwa sheria nzima. Feingold aliona haiwabani mabenki vya kutosha. Brownback, kama karibu chama chake chote cha Republican, aliikataa. Mtu akisoma orodha tu atasema: hawa wawili waliwakataa Wakongo. Si kweli. Na upande mwingine, kati ya wale 237 waliosema ndiyo, wengi walikuwa na mawazo yao kwenye mabenki, si Kivu. Kwa hiyo kura moja haitoshi kumhukumu mtu. Lazima uulize muswada ulikuwa na nini ndani, na alisema nini kabla ya kupiga.

Kifungu chenyewe hakikukataza mtu kununua madini yetu. Kilisema makampuni yaliyo kwenye soko la hisa la Marekani yatoe ripoti kama yanatumia kasiteriti, koltani, wolframi au dhahabu kutoka Congo au nchi tunazopakana nazo. Lakini mnunuzi akiona ripoti ni ngumu, anaenda kununua fasi nyingine. Septemba 2010 Rais Kabila mwenyewe alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ulifunguliwa tena Machi 2011, na mwezi uliofuata wanunuzi wakubwa wakakataa mawe yasiyo na vyeti. Kontwari zikafunga. Aliyepata hasara si mchimbaji peke yake. Ni mbeba mizigo, ni mama muuza ugali, ni mwenye pikipiki, ni mtoto aliyefukuzwa shule juu ya kukosa minervali.

Kwetu Fizi jiwe letu zaidi ni dhahabu, pale Misisi na Lubichako. Tulipoanza kurudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, mwaka 2005, wengi walikuta mashamba yamekuwa pori au yana wenyewe wengine, na vijana wakaelekea kwenye mashimo. Dhahabu ni ndogo, inaingia mfukoni, inavuka ziwa bila mtu kujua. Kwa hiyo sheria ilibana zaidi magunia ya kasiteriti, na dhahabu ikaendelea kupita kwa giza.

Wenye kuitetea sheria wana neno lao. Wanasema kabla yake kampuni kubwa hazikujali jiwe limetoka wapi, na kwamba sasa kuna magunia yenye alama na kuna migodi ambayo askari wameondoka. Hilo tunalipokea. Lakini mwaka 2014 wataalamu 70, Wakongo na wageni, waliandika barua ya wazi wakisema wachimbaji wameumizwa na wenye mashimo hawakuulizwa vya kutosha. Na hilo njo neno letu. McDermott alikuwa ameishi Congo, na nia yake hatuishuku. Ila Kinshasa si Fizi. Na aliyeumia na kura ile hakuwa na kadi ya kumpigia McDermott, wala kumnyima.

Basi tumejifunza nini? Mtunga sheria wa mbali hatuwezi kumwita kwenye mkutano. Anayetuomba kura tunaweza. Wa kwetu tuliwapigia 2006, 2011, 2018 na 2023. Nani hapa anaweza kusimama aseme depite wake alipiga kura gani juu ya Kodi ya madini ya 2018? Kimya hicho kinatosha.

Mtu asituambie haiwezekani kujua. Katiba yetu inasema kura juu ya sheria nzima inapigwa kwa kuitwa jina na kwa sauti. Depite anaitwa, anajibu, na wenzake wanasikia. Ni kweli pia, kifungu cha 101 kinasema depite anawakilisha taifa lote, na hakuna anayeweza kumlazimisha namna ya kupiga kura. Hatumlazimishi. Tunamwuliza alipiga namna gani, na kwa nini. Na kifungu cha 27 kinampa kila Mkongo, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kuandikia serikali ombi, na wakubwa wajibu ndani ya miezi mitatu.

Komite inaleta mambo matatu mbele yenu. Kwanza, chama kifungue daftari. Kila depite wa Fizi awe na ukurasa wake: sheria gani, alisema nini, alikuwepo au hakuwepo. Mabati hayaandikwi humo. Pili, tuandike ombi la pamoja tukitaka kura za madepite wetu juu ya madini, ardhi na wanaorudi zitufikie kwa maandishi. Anayejua kuandika aandike jina lake, asiyejua aweke kidole. Tatu, kila baada ya miezi sita daftari lisomwe hapa kwa sauti, depite akiwepo au asipokuwepo. Akiwepo tutampa kiti na nafasi ya kujieleza.

Kwa ninyi wafadhili tuna ombi moja. Kwenu orodha za kura ziko wazi. Umoja wa Ulaya nao una kanuni yake ya madini ya 2017, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Kesho itakuja nyingine. Mkiombwa kuunga mkono sheria yenye jina la Congo ndani, tuandikieni kabla ya kura, si baada yake. Tutawajibu, hata kama ni kwa mwandiko wa mkono.

Daftari tumekwisha kulinunua. Liko mezani, kurasa zake bado nyeupe. Anayejua depite wake alipiga kura gani, aje aandikishe mstari wa kwanza leo.