Filimbi ya Mwamuzi na Ujirani Wetu

(Hotuba ya Kamati ya Michezo na Vijana, iliyosomwa uwanjani siku ya sherehe za kumbukumbu ya makazi ya Nakivale)



Waliotutangulia wamezungumza juu ya maji, shule na mashamba. Sisi tumeombwa kuzungumza juu ya mpira. Huenda wengine wataona ni jambo dogo kwa siku kubwa kama ya leo. Lakini mwaka 2026 jambo hilo dogo lilitutoa damu, na tungekuwa wanafiki kusherehekea umoja wetu bila kulitaja.

Usiku wa Jumapili, tarehe 18 Januari 2026, tulijaa katika vibanda vya video vya Base Camp kutazama fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kati ya Morocco na Senegal, iliyochezwa Rabat. Kwa saa zetu mpira ulianza saa nne usiku. Mwamuzi alikuwa Jean-Jacques Ndala, wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ndugu zetu Wakongomani walimshangilia alipoonekana tu, kabla hajapuliza filimbi hata mara moja. Mtu aliyekimbia nchi yake hufurahi kuiona nchi hiyo ikipewa kazi ya heshima mbele ya dunia.

Yaliyofuata mnayakumbuka. Dakika tisini ziliisha bila bao. Katika dakika za majeruhi, kichwa cha Abdoulaye Seck kiligonga mwamba na Ismaïla Sarr akautia mpira wavuni. Lakini filimbi ilikuwa imekwisha kulia, kwa kuwa mwamuzi aliona Seck amemsukuma Achraf Hakimi. Filimbi ilitangulia mpira kuingia, kwa hiyo hata waamuzi wa video, yaani VAR, hawakuwa na bao la kuchunguza. Dakika chache baadaye VAR hao hao wakamwita Ndala atazame picha. Akaona Brahim Díaz amevutwa ndani ya eneo la hatari, akawapa wenyeji penalti. Kocha wa Senegal, Pape Thiaw, akawaita vijana wake watoke uwanjani. Mchezo ukasimama kwa karibu robo saa, mpaka Sadio Mané alipowafuata wenzake na kuwarudisha. Díaz akapiga mpira laini wa katikati, kipa Édouard Mendy akaudaka. Katika muda wa nyongeza Pape Gueye akafunga, na mchezo ukamalizika uwanjani kwa 1-0. Kisha ugomvi ukahamia mezani, kwenye vikao vya nidhamu na vya rufaa vya Shirikisho la Soka la Afrika, CAF.

Sisi wanakamati tulikuwamo kibandani, na wengine wetu tulipiga kelele kuliko watoto. Mmoja alisema bao la Sarr lilikuwa halali, mwingine akasema Seck alisukuma. Huyu alisema penalti ile ni zawadi, yule akasema mkono ulionekana wazi. Mpaka hapo ni mpira, na mpira bila ubishi ni chakula bila chumvi. Wako pia waliokuwa wamebeti fedha ambazo mama wa nyumbani hakujua zimekwenda wapi, na hao ndio walioumia zaidi.

Ubaya ulianza pale neno "Ndala" lilipobadilika likawa "nyinyi". Nyinyi Wakongomani. Nyinyi mmekula rushwa. Nyinyi ndivyo mlivyo. Kiti cha plastiki kikaruka. Kilimpata kijana aliyekaa mlangoni akichaji simu za watu. Alishonwa nyuzi kwenye paji la uso katika kituo cha afya. Hakuwa mshabiki wa Morocco wala wa Senegal, na hata kuutazama mpira hakuutazama. Kosa lake lilikuwa lugha aliyokuwa akizungumza na mwenzake.

Ndugu zetu, tunaomba tukumbushane habari ya mtu mwingine aliyelipa kosa lisilo lake.

Mwezi Machi mwaka 1974 Zaire ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Kairo. Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika mashindano yale, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika mashindano mamoja mpaka wakati huo. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0, na mabao yote manne ni ya Ndaye. Miezi mitatu baadaye, tarehe 18 Juni 1974, alikuwa Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi, kwenye Kombe la Dunia dhidi ya Yugoslavia. Katikati ya vurugu ya kulalamikia bao, mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga mwamuzi teke. Aliyepiga ni Mwepu Ilunga. Mwamuzi kutoka Kolombia aligeuka na kumpa kadi nyekundu Ndaye Mulamba. Ndaye alieleza kuwa si yeye, lakini hakusikilizwa. Zaire ilifungwa 9-0.

Hayo hayakuwa ya mwisho kumpata. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kutunukiwa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia na kumpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akawa mkimbizi kama sisi, akilinda magari ya watu ili apate chakula. Mwaka 1998 ilivuma habari ya uongo kwamba amekufa, na watu wakasimama kimya kwa heshima yake uwanjani, naye yu hai Cape Town. Alifariki mwezi Januari 2019.

Leo sheria za VAR zinaruhusu mwamuzi arekebishwe akimwadhibu mchezaji asiye mkosaji. Ndaye hakuwa na bahati hiyo. Kijana wetu wa kuchaji simu naye hakuwa nayo. Hakuna mashine itakayotuonyesha picha baada ya kiti kuruka. Kwa hiyo tujifunze kutazama kabla.

Sasa tuje hapa nyumbani. Majuma machache baada ya usiku ule tulicheza fainali yetu wenyewe kwenye uwanja huu. Filimbi alishika kijana wetu, Mkongomani, ambaye amechezesha mechi zetu kwa muda mrefu bila malipo zaidi ya soda. Kila alipopuliza, upande mmoja uliimba, "Ndala! Ndala!" Alipotoa penalti, watu wakaingia uwanjani. Hakupigwa, Mungu ni mwema, lakini siku ya pili alikuja kwenye kikao chetu, akaiweka filimbi mezani, akasema, "Wazee, mimi nilikimbia watu walionihukumu kwa kabila langu. Sitaki kukimbia tena kwa ajili ya mpira." Akaondoka. Tangu siku ile hatukupata mtu wa kuishika. Timu tunazo, jezi tunazo, mpira upo. Mchezo hatuna.

Husemwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, lakini msemo huo ni mwepesi kinywani mwa aliyeshinda. Sisi hatuwaambii watu wasilalamike. Mwamuzi hukosea. Mwaka 2016 Afrika Kusini ilipewa penalti dhidi ya Senegal kwa madai kwamba Kalidou Koulibaly ameushika mpira, kumbe ulimgonga goti. Senegal wakacheza mpaka mwisho, wakafungwa 2-1. FIFA ilichunguza, ikamfungia maisha mwamuzi, ikaamuru mechi irudiwe. Novemba 2017 Senegal walishinda 2-0, wakafuzu Kombe la Dunia. Wydad ya Casablanca nao walikuwa na uchungu wa haki tarehe 31 Mei 2019, katika fainali ya mabingwa wa Afrika kule Radès, Tunisia. Bao lao lilikataliwa kwa kuotea, na mashine ya VAR haikufanya kazi. Wakagoma kuendelea. Zikafuata rufaa na hukumu, na kombe likabaki kwa Espérance. Mwenye haki akitoka uwanjani humwachia mwenzake uwanja.

Wageni wetu wa mashirika, neno hili linawagusa nanyi. Wengi wetu tunajua uchungu wa uamuzi kuliko mchezaji yeyote. Wako hapa waliokataliwa ombi la hifadhi, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa siku thelathini za kukata rufaa. Wako ambao jina lao halikuonekana kwenye orodha, na walipouliza waliambiwa, "Rudi Jumatatu." Nanyi mnashika filimbi. Mtu anapokuja ofisini kuuliza sababu, msimwone mkorofi. Yeye bado yumo uwanjani, anacheza kwa kanuni. Mjibuni, hata kama jibu ni hapana. Asiyejibiwa kwa muda mrefu ndiye anayerusha kiti, na mara nyingi hakimpati aliyemkosea.

Kamati imekubaliana mambo manne, na leo tunayatangaza mbele yenu:

Kwanza, uwanjani nahodha peke yake ndiye atakayezungumza na mwamuzi.

Pili, timu yenye malalamiko itayaandika na kuyaleta kabla ya jua la kesho yake kuzama. Wanakamati wenye uhusiano na timu hizo watakaa kando. Jibu litasomwa hadharani, pamoja na sababu zake.

Tatu, mechi ya vijiji viwili itachezeshwa na mtu wa kijiji cha tatu.

Nne, wenye vibanda vya video wamekubali kuzima televisheni mara mtu atakapotukana taifa la mwenzake. Tukikosa bao kwa sababu hiyo, tutajua wa kumlaumu.

Tulipokwenda Mbarara kutazama mpira uwanja wa Kakyeka, tuliwasikia wenyeji wetu wakimsema mwamuzi tangu mwanzo hadi mwisho, ukadhani usiku huo hautapita salama. Mpira ulipokwisha, jezi za pande mbili zilibanana ndani ya taksi moja, huyu akimpunguzia mwenzake muhindi wa kuchoma, ubishi ukiendelea. Hivyo ndivyo tunavyotaka. Makazi haya yamepokea watu tangu miaka ya mwisho ya 1950, na bado tunalala mlango kwa mlango, Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, Mwethiopia na wengine. Kesho asubuhi sote tutapanga madumu kwenye bomba moja.

Kwa kumalizia, kijana wetu yupo hapa leo. Alikuja kwa kuwa mama yake alimwomba. Filimbi yake hii hapa mezani. Tuliinunua sokoni Mbarara kwa michango yenu. Hatutamlazimisha. Tunamwomba radhi mbele ya watu wote, kwa kuwa siku ile sisi wanakamati tulikuwapo na hatukusimama. Tunamwomba radhi pia yule mwenye kovu kwenye paji la uso. Kijana akiikubali filimbi hii, mpira utaanza saa kumi. Akiikataa, tutakaa pamoja naye chini ya mti, tutasubiri siku atakayokuwa tayari.

Mungu aibariki Nakivale, na awabariki wenyeji wetu wa Isingiro na Mbarara.