Paa la Nyasi Juu ya Baa



Nimeombwa niseme juu ya majengo ya kale, nami nimechagua baa. Msicheke. Baa yenyewe ni The Star Inn, katika kijiji cha Harome, Yorkshire, Uingereza. Asili yake yahesabiwa kuwa ya karne ya 14.

Nyumba za namna hiyo hazikuanza na ukuta. Fundi alitafuta mwaloni uliopinda, akaupasua kwa urefu, akapata miti miwili inayolingana kama viganja. Akaisimamisha ikaegemeana mpaka kileleni, kisha jozi nyingine hatua chache mbele. Mzigo wa paa ulishuka kwa miti hiyo hadi chini. Kuta zilikuwa za kuzuia upepo tu.

Mteremko wa paa ni nyuzi 45 au zaidi. Mnaosoma hesabu mwaweza kueleza sababu: tone la mvua lazima literemke kutoka bua hadi bua kabla halijazama. Ezeko likiwa na unene wa sentimeta 30 au zaidi, ni la juu tu linalolowa. Mifereji hakuna, upenu mrefu huyamwaga maji mbali na ukuta.

Zamani hapakuwa na dohani. Moto uliwaka katikati ya ukumbi na moshi ukapenya kwenye nyasi. Huko Devon yamebaki mapaa ambayo tabaka la chini ni jeusi kwa masizi ya enzi hizo, na ndani yake mna masuke ya ngano na shayiri nyeusi za wakulima wa wakati ule, kwa kuwa waezekaji waliweka jipya juu ya kuukuu. Dohani zilipokuja, moshi ulitoka, lakini matofali ya moto na cheche vikasogea karibu na mabua makavu.

Hofu ya moto ni ya siku nyingi. London ilikataza mapaa mapya ya nyasi mwaka 1212. Nayo The Star iliungua vibaya Novemba 2021.

Mtauliza, kwa nini wasiweke vigae? Vigae ni vizito mno kuliko nyasi, na jengo lenyewe linalindwa na sheria. Wakaliezeka tena kwa nyasi, likafunguliwa 2022. Naona walifanya vyema, ingawa ningekuwa mtu wa bima nisingelala.