Bando la Nani?



Wahitimu, asubuhi nimepita kwenye maonyesho ya miradi yenu. Programu za kilimo ni nzuri, ila karibu zote zinadai simu janja na bando. Sasa mfikirieni mama wa Handeni. Simu yake ni kiswaswadu, chaji huilipia dukani, na jioni anayeishika ni mumewe. Anapokea ujumbe: wiki hii weka mbolea ya kukuzia. Mbolea ipi, wakati vuli imechelewa na mahindi hayajachomoza? Aliyeandika alifuata kalenda. Mama anafuata mvua. Angeulizwa kwanza alipanda lini, akajibu kwa tarakimu, ushauri ungemfikia kwa wakati wake.

Mfano wa kumfuata mtumiaji tunao: majirani zetu wa Kenya walianza kuijaribu M-Pesa mwaka 2005, wakilenga marejesho ya mikopo midogo. Wakopaji wakaigeuza: wakawa wanatumiana fedha kwa shughuli zao nyingine kabisa. Wabunifu hawakuwakemea. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikotangulizwa, na simu ya kawaida ya vitufe ilitosha.

Simu janja si haramu, msininukuu vibaya. Programu ya PlantVillage Nuru, kazi ya watafiti wa Penn State na IITA, hukagua jani la muhogo kwa kamera na kutambua dalili za magonjwa ya batobato au michirizi kahawia palepale shambani, bila intaneti. Simu ya bwana shamba mmoja yaweza kuhudumia mashamba mengi. Hata hivyo ugonjwa wa michirizi kahawia ni mjanja: shina laweza kuonekana zima, ukaling'oa ukakuta mihogo imeoza ndani. Kwa hiyo jembe msilistaafishe bado.

Mtakaoajiriwa na kampuni za simu, nina ombi. Zile menyu za nyota na reli hukatika mzee akiwa bado anasoma chaguo la tatu. Mwongezeeni muda, na akirudi aendelee alipoishia, asianze upya. Sidhani kama kazi hiyo itawapatia tuzo, lakini nitakuwa wa kwanza kuwashukuru, maana miwani yangu nami huwa siioni.