Kuku Mmoja, Sahani Kumi

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni)



Leo tuongee juu ya kuku. Si kuku wa kuuza, huyo tunamjua vizuri. Broka anakuja mpaka mlangoni, anamfunga miguu, na jioni kuku yuko Nairobi. Sisemi tusiuze. Katika ule ukame wa 2020 hadi 2023 mifugo wengi walikufa, na nyumba nyingi zilishikiliwa na kuku. Lakini nauliza: ukiuza kuku kumi, watoto wako wamekula wangapi? Na akichinjwa mmoja kwa ajili ya mgeni, ni nani anakula nyama na ni nani anaonja supu tu? Mtoto mdogo na mama mja mzito ndio wanaoihitaji zaidi, kwa kujenga mwili na kuongeza damu.

Wengine husema kuku mmoja hatoshi watu kumi. Anatosha, tukimkata kwa hesabu. Kila mguu mara mbili, hivyo ni vipande 4, mabawa 2, kidari mara 4. Jumla 10. Shingo, mgongo na vya ndani vibaki kwenye supu.

Haya, mapishi. Ni yale ya hoteli kubwa, kuku wa chenga za mkate na jibini juu, lakini kwa jiko letu.

1. Kuchemsha. Kuku wa kienyeji ni mgumu, kwa hivyo achemshwe kwanza na chumvi na kitunguu mpaka alainike. Jogoo mzee huweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi. Supu usiimwage, itapikia muthokoi.

2. Jibini. Chemsha lita 2 za maziwa ya ng'ombe au mbuzi. Yakitokota, epua, tia maji ya ndimu 3 au 4 kidogo kidogo ukikoroga mpaka yakatike. Chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, kandamiza kwa kitu kizito. Haitayeyuka kama ile ya dukani, lakini itageuka kahawia na ni tamu. Maji yanayobaki, pikia uji. Kama maziwa ni shida, acha jibini, kuku bado ni chakula.

3. Chenga. Twanga mkate uliokauka, lakini usiwe na ukungu. Hakuna mkate? Tumia unga wa mtama uliokaangwa kidogo. Chovya kila kipande kwa yai lililopigwa, kisha kiviringishe kwa chenga.

4. Kuoka. Paka sufuria nzito mafuta, panga vipande, weka jibini juu, funika. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, kama tunavyooka keki. Baada ya dakika 20 hivi, fungua uangalie: chenga zikiwa kahawia, tayari. Pakua na muthokoi na mboga ya kunde. Kila mtu kipande chake, mtoto asiachiwe mfupa.

Jambo lingine, tafadhali tulishike. Kisu na ubao wa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia mboga. Na kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe wala asiuzwe. Azikwe au achomwe. Kideri, ule ugonjwa madaktari wa mifugo huuita Newcastle, kikiingia kinaweza kumaliza boma zima. Chanjo yake hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na chupa moja huwa ni ya kuku wengi. Mtu mmoja ataona ni ghali. Mwethya ukichanga na kuchanja boma zote siku moja, ni rahisi. Bila chanjo hakuna kuku wa broka wala wa mtoto.

Basi, pendekezo langu ni hili. Kila mwanakikundi aandike katika daftari kuku aliouza na kuku waliokuliwa nyumbani. Mwisho wa mwaka tusome hizo hesabu mbili mbele ya wote, baba na mama wakiwa pamoja. Daftari litatuambia kama tunafuga kwa ajili ya watu wetu au kwa ajili ya Nairobi tu.