Safari ya Nchi ya Maua

Jioni hii nimepewa nafasi niwasimulie habari za safari tuliyoifanya, mimi na wenzangu watatu, waalimu wote, kutoka kwetu Buganguzi katika wilaya ya Muleba, mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Hatukwenda kwa biashara, wala kwa arusi, wala kwa matanga. Tulikwenda kutazama maua. Najua wako watakaocheka wakisikia hayo. Nawaomba wacheke kidogo tu, kisha wanisikilize.

Asili ya safari hii ni picha. Katika chuo ninachofundisha, ambamo vijana hujifunza kazi ya ualimu, iko picha ya mashamba ya maua ya nchi ya Uholanzi: mistari myekundu, ya manjano na ya zambarau, imenyoka kama kanga zilizoanikwa, na nchi yenyewe ni tambarare hata upeo wa macho. Siku moja niliwaeleza wanafunzi kwamba ua lile ni tulipu, nalo si la asili ya Uholanzi. Lilitoka upande wa Uturuki, likachanua katika bustani ya chuo kikuu cha Leiden yapata mwaka 1594. Nikawaambia kwamba karibu na mji wa Lisse iko bustani iitwayo Keukenhof, iliyofunguliwa kwa watu mwaka 1950, ambamo hupandwa vitunguu vya maua milioni 7 kila mwaka. Na baridi ikiisha, watu hutoka nchi nyingi, rafiki kwa rafiki, kuja kutembea humo kwa majuma manane tu, kisha milango hufungwa.

Hapo msichana mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, na kwetu maua yako wapi?" Nikamjibu upesi, "Kwetu ni nchi ya migomba na kahawa." Wenzake wakacheka, naye akaketi. Lakini usiku ule sikupata raha, kwa maana nilijua kwamba nimemjibu vibaya. Aliuliza kweli, nami nilimfukuza kwa maneno.

Basi likizo ya Desemba ilipokaribia, niliwaambia wenzangu, "Twendeni Kitulo, tukajionee." Wawili walikubali. Wa tatu, mwalimu wa hesabu, mtu mwangalifu wa fedha zake, alinitazama akasema, "Ndugu yangu, maua hayaliwi." Sikumjibu neno. Ilikuwako sababu ya kunyamaza kwangu, nami nitaieleza mwishoni. Hata hivyo alikuja, akisema kwamba anakuja kutulinda tusipoteze nauli zetu.

Tulipanda meli Kemondo jioni, tukafika Mwanza asubuhi. Kutoka hapo tulisafiri kwa motokaa ya abiria, tukapita Shinyanga, Singida, Dodoma na Iringa, hata tukafika Chimala, katika njia kuu iendayo Mbeya. Hapo mlima umesimama kama ukuta, na barabara ya Matamba huupanda kwa kujipinda. Watu wa huko huhesabu kona 57. Mwalimu wa hesabu alizihesabu kwa sauti, na alipofika arobaini akanyamaza, akashika kiti kwa mikono miwili. Tulipofika juu tulivaa kila nguo tuliyokuwa nayo. Ziwa letu la Viktoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Ni nchi ya ukungu, na umande wake ni baridi.

Asubuhi ya pili tukaingia uwandani pamoja na kiongozi wa njia. Wasikilizaji wangu, sijui niseme nini. Kwa muda wa nusu saa hatukuona kitu ila ukungu. Kisha upepo ukauondoa kama mtu avutaye pazia, na mbele yetu yakawa majani mabichi mpaka mbali sana, na katika majani yale maua yasiyo na mpandaji: meupe, ya manjano, ya rangi ya waridi, ya buluu, mengine madogo kama kifungo cha shati, mengine marefu yamesimama kama mienge, mekundu juu na manjano chini. Hayakupangwa mistari kama ya Uholanzi. Kila ua limekaa lilipopenda. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu, nasi hatukuona jina lililo bora kuliko hilo.

Kiongozi wetu alitueleza kwamba katika uwanda ule zimehesabiwa aina 350 za mimea, na katika hizo zaidi ya arobaini ni za lile ua liitwalo okidi. Mwaka 2005 uwanda ulifanywa hifadhi ya taifa, nayo ilikuwa hifadhi ya kwanza katika nchi za joto za Afrika kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea, si kwa ajili ya simba na tembo. Maua huanza kuchanua mvua zinaposhika, mwishoni mwa Novemba, na huendelea mpaka Aprili. Maji ya uwanda ule huteremka yakauongeza mto wa Ruaha Mkuu. Kwa hiyo mtu wa mbali, aliye bondeni na shamba lake la mpunga, asiyejua hata jina la Kitulo, naye anakunywa katika bustani ile.

Sasa nawaletea jambo lililotufanya tuache kucheka. Jioni tulishuka vijijini, nje ya mipaka ya hifadhi, tukamkuta mama mmoja, makamo ya mama zetu, akichuma maua meupe yenye kiini cha manjano, akiyatia kapuni. Mwenzetu mmoja akasema, "Shikamoo mama. Maua haya ni ya arusi?" Mama akacheka sana. "Marahaba mwanangu. Haya ni pareto. Ni ya daftari za wajukuu." Ua la pareto, mabwana, lina sumu ya wadudu katika kiini chake. Huchumwa, huanikwa juani, huuzwa, kisha hutengenezwa dawa ya kuua mbu na wadudu wengine. Halichanui vizuri ila mahali pa baridi, kwa hiyo nchi ile ya juu linaipenda. Nikamtazama mwalimu wa hesabu. Akasema, "Sawa. Hili moja linaliwa, kwa njia ya dukani."

Mama akatukaribisha motoni. Tukamwuliza habari za okidi. Akatuambia kwamba zamani, kabla ya hifadhi kuwekwa, watu wengi walichimba viazi vyake na kuviuza kwa wafanya biashara waliovipeleka Zambia. Huko huvitwanga pamoja na karanga, wakapika chakula kiitwacho chikanda, kinachopendwa sana. Viazi vilivuka mpaka kwa mamilioni. Yeye naye alichimba. Mume wake alikuwa amekufa, na watoto walikuwa wanne.

"Viazi hivyo hukaaje chini?" nikauliza. Mama akachukua viazi viwili vya mviringo katika kikapu chake cha chakula, kimoja kilichonyauka na kimoja kigumu, akaviweka pamoja kiganjani. "Hukaa hivi, mwalimu, viwili viwili. Hiki kilicholegea ni cha mwaka jana. Ndicho kilichotoa ua unaloliona. Hiki kigumu ni cha mwaka ujao."

"Na mlikuwa mkiuza kipi?"

Akanyamaza kidogo. "Cha mwaka ujao," akasema. "Cha mwaka jana hakina mnunuzi."

Sijapata kusikia somo la uchumi fupi kuliko hilo. Okidi hutoa mbegu kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula ndani yake, na mbegu moja haioti ila ikutane na kuvu ya namna yake udongoni. Ni chache zinazofanikiwa. Kwa hiyo akiondoa mtu kiazi kigumu, hakuondoa kiazi tu. Ameondoa ua ambalo halijawako. Mama akaendelea, "Kila mwaka tulikwenda mbali zaidi. Mwanzo nyuma ya nyumba, baadaye ng'ambo ya kilima, mwisho tukalala huko huko."

Usimlaumu, ewe msikilizaji. Mwenye njaa hana miiko. Hata Waholanzi, wenye bustani zile za picha, yaliwapata makubwa kuliko haya. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, vita vikiwa bado vinaendelea, sehemu za magharibi za nchi yao zilikosa chakula, na watu wapatao 20,000 walikufa. Waliosalia walikula vitunguu vya tulipu. Kile kilichopendezesha meza zao kiliingia chunguni. Basi wale wasemao kwamba maua hayaliwi, hawajaona njaa kamili.

Lakini tazameni wafanyavyo wakulima wa Uholanzi wakati wa amani. Tulipu ikiisha kuchanua, mkulima hupita akakata vichwa vya maua, mazuri kama yalivyo, akayatupa. Kwa nini? Ili nguvu zirudi chini katika kitunguu. Kitunguu huzaa vitunguu vidogo ubavuni mwake. Vikubwa mkulima huviuza. Vidogo huvirudisha udongoni. Naye huuza kila mwaka, wala shamba haliishi. Yeye na mama wa Kitulo wote wawili walichimba na wakauza. Tofauti ni moja tu: mmoja alikuwa na nafasi ya kubakiza mwaka ujao, na mwingine hakuwa nayo. Pareto ndiyo iliyompa nafasi hiyo, kwa kuwa huchumwa ua, na mti hubaki ukachanua tena.

Sasa niwaeleze kwa nini sikumjibu mwenzangu. Ninyi mlio kwenu Bukoba na Muleba mnakumbuka ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioingia Uganda mwaka 2001 na kuonekana kwetu Kagera mwaka 2006. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata, ndani zimeoza. Ugonjwa huo huchukuliwa na panga lisilosafishwa, na pia huchukuliwa na wadudu wanaotembelea lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Dawa yake si ya duka. Ni kuchukua kijiti chenye panda na kulivunja ua lile mara vichane vyote vinapokwisha kutokea, bila kutia kisu.

Mwaka 2011 bwana shamba alikuja kibanjani kwetu akatufundisha hayo. Baba alikuwa amekwisha kufa, na kaburi lake liko katika kibanja hicho hicho, kama ilivyo desturi yetu. Mama akaniambia, "Mwanangu, nikatie vijiti." Nami nilikuwa kijana mwenye cheti kipya, nina madaftari ya kusahihisha. Nikamwambia, "Mama, yale ni maua tu. Yatangoja." Hayakungoja. Kabla mwaka haujageuka tulikuwa tumeng'oa zaidi ya nusu ya migomba, tukaizika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Mama hakunilaumu hata siku moja. Ila Jumamosi moja nilikutana naye njiani anatoka sokoni, na kichwani ana ndizi za kununua. Mwanamke wa Kihaya, mwenye kibanja alichoachiwa na mumewe, ananunua ndizi! Alinipisha njia kama mgeni, akatazama chini. Mpaka leo naiona sura ile.

Basi, mabibi na mabwana, hilo ndilo nililolileta kutoka nchi ya maua. Ua ni mwaka ujao. Liko ua la kuchuma, kama pareto. Liko la kuvunja, kama la mgomba. Liko la kuacha, kama okidi ya Kitulo. Asiyejua lipi ni lipi atauza mwaka ujao kwa bei ya leo, au atauacha uoze juu ya mti.

Tuliporudi, mvua ilikuwa imenyesha Buganguzi. Tulifika alfajiri, na kabla hatujaona kitu tulisikia harufu tamu: mibuni ilikuwa imechanua, myeupe kila tawi. Ua la kahawa halikai ila siku chache. Mbuni wetu wa robusta hauzai kwa chavua yake wenyewe. Hungoja chavua ya mbuni mwingine, iletwe na upepo au nyuki. Kwa hiyo mtu apuliziaye sumu kibanjani siku zile anafukuza wafanya kazi wake mwenyewe.

Muhula ulipofunguliwa nilimwita yule msichana mbele ya darasa, nikamwambia, "Uliniuliza swali, nami nilikujibu vibaya. Twende nje." Tukatoka sote, tukakaa chini ya migomba saa nzima. Mwalimu wa hesabu alipita akatuona. Hakusema neno. Aliingia kichakani, akarudi na kijiti kirefu chenye panda, akampa msichana.

Nanyi waalimu wenzangu mnaonisikiliza, msingoje picha za mbali. Mibuni ikichanua, watoeni watoto nje. Kwaherini, na Mungu awape usiku mwema.