Tangazo la Kazi Lifike na Mofu



Wiki hii nazungumza na wazazi wa Bonde la Kilombero ambao vijana wao wamehitimu vyuo na sasa wako nyumbani, vyeti vimefungwa ndani ya bahasha.

Sisi wa bonde hili utafiti si mgeni kwetu. Maabara iliyoanzishwa Ifakara na Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950 ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa Idete walichanjwa SPf66, chanjo ya majaribio ya malaria. Muongo huohuo mradi wa KINET ukaeneza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga. Vijana wa vijiji vyetu wamekesha usiku mwingi wakinasa mbu kwa ajili ya tafiti hizo.

Bonde limetoa damu, limetoa mbu, limefungua milango ya nyumba zake. Sasa nauliza: mnasa mbu wa jana atafikaje kwenye meza ya mtafiti?

Kwanza, ajue mlango wa kubisha. Chuo kikuu kimojawapo cha umma kilicho jirani nasi ni Sokoine, pale Morogoro. Nafasi za kudumu katika vyuo vya namna hiyo kwa kawaida hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia mtandao wake. Hakuna ada. Anayedai "chai" ili jina lako lipite ni tapeli, awe na tai au asiwe nayo.

Pili, ajue kipimo. Ngazi ya chini ya ualimu wa chuo kikuu kwa kawaida hudai wastani wa 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Wastani huo hauokotwi mwaka wa mwisho. Hujengwa tangu muhula wa kwanza. Mzazi, mwambie mwanao leo.

Tatu, asidharau kazi za mradi. Ni za mkataba, na fedha zikiisha kazi nayo huisha. Lakini mkusanya takwimu anayejifunza kuzichambua amekwisha kanyaga ngazi. Taasisi ya Ifakara imekuwa ikifundisha shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambayo ni chuo cha umma. Ngazi ipo.

Tatizo ni habari. Niliwahi kukuta tangazo la kazi likibandikwa kwenye ubao wa ofisi moja siku mbili baada ya mwisho wa kupokea maombi. Kijana wa Mofu, ambaye mvua za masika zikipamba moto hata njia ya kufika mjini ni taabu, atashindana vipi na mwenzake wa Dar es Salaam aliyelisoma asubuhi ileile lilipotoka?

Waajiri, rai yangu ni ndogo. Mnapotaka damu yetu mnamjua mwenyekiti wa kijiji, na mkutano huitishwa. Mnapotaka wafanyakazi, mpelekeeni mwenyekiti huyohuyo karatasi moja, kwa Kiswahili, wiki mbili kabla. Hatuombi upendeleo. Mwenye sifa apate, asiye nazo akasome. Tunachoomba ni kusikia mapema.