Kwenda Latema na Daftari la Majina: Mada Juu ya Maandalizi ya Safari ya Kumbukumbu ya Vita vya 1916

(Mada iliyosomwa mbele ya semina ya walimu wa historia, Eldoret)



Nimepewa heshima ya kusema juu ya safari ambayo wengi wenu mna azma ya kuifanya pamoja na wanafunzi wenu, ya kwenda Taveta kuadhimisha mapigano ya mwaka 1916. Na kwa kuwa safari ya namna hii aghalabu hupangwa kwa kuanza na basi, kufuatia malazi na kumalizia chakula, naomba ruhusa niupindue utaratibu huo, nianze na watu tunaokwenda kuwakumbuka, kwa sababu nasadiki kwamba msafiri asiyewajua marehemu wake kwa majina atarudi na picha za vilima, wala hatakuwa amemkumbuka mtu. Rai yangu kwa ufupi ni hii: maandalizi ya kweli ya safari ya Taveta hufanyika hapa hapa Uasin Gishu, Nandi na Elgeyo Marakwet, nyumbani kwa wazee, miezi mingi kabla ya siku ya kuondoka.

I. Mapigano yenyewe

Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya, majeshi ya Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika yalivuka mpaka yakaitwaa Taveta, kisha yakajenga ngome katika kilima cha Salaita, kilichosimama peke yake katika nyika ya miiba upande wa mashariki wa mji. Waingereza, ili wapate kuwatoa huko, walitandika reli kutoka Voi kupitia Maktau na kuvuta maji kwa mabomba kutoka Bura, maana katika nchi ile kavu jeshi lisilo na maji limekwisha kushindwa kabla ya risasi ya kwanza.

Tarehe 12 Februari 1916 Jenerali Malleson aliwapeleka Salaita askari wa Afrika Kusini ambao ndio kwanza wafike Afrika Mashariki. Mizinga ikakipiga kilele cha kilima kwa bidii nyingi. Lakini mahandaki ya kileleni yalikuwa ya kuhadaa macho, na yale ya kweli yalikuwa yamechimbwa chini, kwenye shina la kilima, yakafichwa kwa vichaka. Askari wale wakaenda wima, katika jua kali, mpaka wakafika mbele ya bunduki zisizoguswa na hata kombora moja. Walirudi nyuma wakiwa wamepata hasara ya watu zaidi ya 130, na waliowakinga wasiangamizwe zaidi walikuwa askari wa Kibaluchi kutoka Bara Hindi.

Mwezi mmoja baadaye, chini ya amri ya Jenerali Smuts, tarehe 11 Machi, vita vilihamia Latema na Reata, vilima viwili vinavyoibana njia iendayo Moshi. Hapo ndipo wanapoingia watu wetu kwa silaha: kikosi cha tatu cha King's African Rifles (KAR), wale ambao wazee wetu waliwaita keya, walipanda miteremko ile pamoja na Wabaluchi na Warodesia, kamanda wao, Luteni Kanali Graham, akauawa, na mapigano yakaendelea usiku kucha mpaka asubuhi ya tarehe 12 ilipoonekana kwamba Wajerumani wameondoka. Nao waliowakabili kutoka upande wa pili wengi wao walikuwa askari Waafrika, waliotumia Kiswahili kama walivyokitumia keya.

II. Uteuzi wa siku

Msafiri wa kumbukumbu huchagua siku kabla ya kuchagua njia, na siku anayoichagua huonyesha anakwenda kumkumbuka nani. Siku tatu zinatujia. Ya kwanza ni tarehe 12 Februari, siku ya Salaita. Lakini hiyo kwa haki ni siku ya Waafrika Kusini, Waingereza na Wabaluchi. Ya pili ni tarehe 11 Novemba, ambayo dunia huikumbuka kwa kusitishwa vita. Ila katika nchi zetu vita havikukoma siku hiyo, kwani Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa angali porini, na hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia. Ya tatu ni tarehe 11 Machi, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu ni siku ambayo keya walimwaga damu juu ya ardhi ya Taveta, na kwa sababu nyingine ya manufaa: aghalabu masika huwa bado hayajakaza. Mvua zile zile zilizomkwamisha Smuts matopeni mwishoni mwa mwezi huo zitalikwamisha basi la shule pia, iwapo tutachelewa. Maadamu Machi ni katikati ya muhula, idhini ya wakuu wa shule na ya wazazi iombwe tangu muhula uliotangulia.

III. Waliokufa pasipo tarehe

Hata hivyo, waalimu wenzangu, tukishika tarehe peke yake tutakuwa tumewadhulumu walio wengi. Waafrika wanaokadiriwa kufikia milioni moja walichukuliwa na Waingereza katika vita hivyo kuwa wapagazi, wakibeba vichwani risasi, unga na majeruhi, na makadirio ya waliokufa hayapungui 95,000. Sheria ya mwaka 1915 ilihalalisha kuwatoa watu majumbani kwa nguvu, na mwaka 1917 John Ainsworth aliwekwa kuisimamia kazi hiyo ya kukusanya watu wilaya kwa wilaya. Hawa hawakufa Machi 11 wala Februari 12. Walikufa siku yoyote, njiani, kwa kuhara damu na malaria na homa ya mapafu, wengi wao kwa kuwa walishushwa kutoka milima ya baridi wakatiwa katika mabonde ya homa, wakalishwa unga wa mahindi usiopikika barabara, hali matumbo yao yalizoea wimbi na maziwa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Kwa watu wa Nandi liko jambo zaidi, ambalo mwalimu wa historia hana budi kulitamka mbele ya wanafunzi wake. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa suluhu. Miaka kumi haijatimia, mtu huyo huyo alikuwa ofisa mkuu wa upelelezi wa jeshi la Waingereza katika vita hivi tunavyovisema, na vijana wa Nandi walivaa sare ya jeshi hilo. Kabla hatujawapeleka wanafunzi wetu Latema, basi, naona ni wajibu tuwapeleke kwanza Nandi Hills, kwenye makumbusho yanayobeba jina la Koitalel, wapate kujua ni katika hali gani ya nafsi baba zao waliitwa kumpigania aliyewashinda.

IV. Kukusanya majina

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, ilijiwekea kanuni kwamba kila aliyekufa vitani akumbukwe sawa na mwenzake, pasipo kujali cheo wala rangi. Aprili 2021 Tume hiyo ilitoa taarifa ikakiri kwamba kanuni haikufuatwa: watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Anayetaka ithibati ya macho na asimame Voi, mbele ya kaburi la Luteni Wilbur Dartnell, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 kwa kukataa kuwaacha majeruhi wake, akatunukiwa nishani ya Victoria Cross. Jiwe lake lina jina, cheo, kikosi na siku ya kufa, na anastahili. Kisha na amtafute upande wowote mpagazi aliyelibeba sanduku la risasi mpaka Maktau, amsome jina lake. Hatalipata.

Lakini kutoandikwa si kupotea. Kumbukumbu zilizohifadhiwa na Majeshi ya Ulinzi ya Kenya zimekwisha toa majina ya askari wa KAR zaidi ya 3,000, na mengine yamo vinywani mwa watu wetu, ila hutoka kwa anayejua kuuliza. Mzee wa Kikalenjin asiulizwe, "Babu yako alikwenda vitani mwaka gani?" kwani miaka ya kalenda si kipimo chake. Aulizwe aliyekwenda alikuwa wa ibinda gani, yaani rika gani, na alitahiriwa pamoja na nani. Kutoka hapo daraja la umri litafungua majina mengine. Tena katika desturi yetu mtoto mchanga huitiwa majina ya wahenga waliotangulia mpaka ijulikane ni yupi aliyemrudia. Basi mwanafunzi na aulize nyumbani: "Mama, jina hili la mzimu nililopewa, mwenyewe alikuwa nani, naye alifia wapi?" Huenda mpagazi asiye na jiwe huko Tsavo ana jina lililo hai darasani Eldoret.

Kila jina liandikwe katika daftari pamoja na ukoo, ibinda, kijiji, jina la msimulizi na tarehe ya kusimuliwa, na jambo lililosikiwa tu litengwe na lililothibitishwa. Wala tusidhani kwamba mji huu hauwezi kuielewa kazi hii. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu ilishambuliwa El Adde nchini Somalia, na tarehe 27 ya mwezi huo huo marais wa Kenya, Nigeria na Somalia walikutana hapa Moi Barracks kuwaombea marehemu. Eldoret inajua maana ya familia kungoja habari ya askari wake, ikataka angalau jina litajwe.

V. Njia na afya

Kutoka Eldoret mpaka Nairobi ni kiasi cha kilomita 310, kutoka Nairobi mpaka Voi kiasi cha 330, na kutoka Voi mpaka Taveta kiasi cha 110. Nashauri kundi lilale Nairobi, lipande treni ya asubuhi inayosimama Voi, kisha lichukue gari la kukodi kwenda Taveta kwa barabara ya lami, lipate kusimama Maktau, yalipo makaburi ya Wahindi, na Salaita. Waongozaji wa huko waafikiwe mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya uwanja wa vita imo katika ranchi na hifadhi za wanyama, ambamo hakuna kuingia bila idhini ya wenyewe, na ndovu hana habari ya maadhimisho yetu. Anayetaka kuvuka mpaka wa Holili kwenda Moshi na awe na hati za safari.

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, Taveta haifiki 800. Mtoto wa mlimani anayeshuka huko hana kinga ya malaria, kama wasivyokuwa nayo wale wapagazi. Kwa hiyo daktari aonwe kabla ya safari juu ya dawa ya kujikinga, vyandarua vibebwe, na maji ya kunywa yapimwe kwa wingi, si kwa uchache. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi sababu ya tahadhari hiyo, atakuwa amewafundisha nusu ya historia ya vita hivi kabla basi halijatoka kituoni.

VI. Adabu ya ziara

Taveta na Taita si uwanja mtupu. Ni nchi ya watu wenye makiwa yao. Mwaka 1915 Waingereza waliwashutumu watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu mpaka Malindi, ambako wengi walikufa kwa maradhi. Kwa hiyo tuingie kwa kubisha hodi: tuwaarifu wazee na ofisi za utawala, na katika hafla yetu tumwombe mzee wa huko aseme kabla yetu.

Maganda ya risasi, vipande vya chupa na mabati yaliyolala katika mahandaki yasiokotwe. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya kale, na zaidi ya sheria, silaha ambayo bado haijalipuka haijui kwamba vita vimekwisha. Makaburini wanafunzi wasome majina ya Wazungu, Wahindi na Waafrika kwa taadhima moja, kwani hatuendi kulipa dhuluma ya kusahauliwa kwa kuwasahau wengine.

VII. Mapendekezo

Kwa hayo naiomba semina hii ipitishe mambo manne. Kwanza, safari ifanyike kwa siku ya 11 Machi, na ukusanyaji wa majina uanze mwaka mmoja kabla yake. Pili, kila shule itakayoshiriki ichukue kata moja na iteue mwalimu mmoja wa kulitunza daftari. Tatu, mwanafunzi yeyote aliyeleta jina lililothibitishwa asiachwe nyuma kwa sababu ya nauli; tuchange sisi kwa ajili yake. Nne, majina yote yasomwe kwa sauti chini ya kilima cha Latema, na nakala za daftari zipelekwe Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na kwa Tume ya Makaburi ya Vita, pamoja na ombi rasmi kwamba yaandikwe.

Endapo mwaka huo tutakuwa na majina kumi tu, twende na hayo kumi. Na endapo hatuna hata moja, naona ni insafu tuiahirishe safari, tukae na wazee mwaka mwingine. Nayangoja maswali na masahihisho yenu.